Dalali, Mnada na Askari: Funzo la Lilongwe na Dzaleka

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi ndugu zetu wa majeshi ya ulinzi na wa Jeshi la Polisi mlioko makambini, vituoni na mipakani. Katika mazungumzo yetu ya leo tunakusudia kulitazama jambo ambalo kwa haraka laweza kudhaniwa kuwa ni la wenye majumba na wenye fedha tu. Jambo lenyewe ni udanganyifu wa madalali wa nyumba, wa viwanja na wa minada, pamoja na juhudi za serikali mbalimbali za kuudhibiti. Tutalitazama kwa kupitia historia ya nchi jirani ya Malawi, na hasa sehemu zake mbili: jiji la Lilongwe, makao makuu ya nchi hiyo, na makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, yaliyoko katika Wilaya ya Dowa, takriban kilomita 45 kaskazini mwa jiji hilo.

Huenda mmoja wenu akauliza: Mambo ya madalali yanamhusu nini askari? Jibu lake ni jepesi. Hapana mali inayochukuliwa kutoka mikononi mwa mtu kwa nguvu ya sheria pasipo askari kuwa karibu. Hakimu hutia sahihi, dalali hupiga kengele, mnunuzi hulipa fedha. Lakini anayesimama mlangoni ili amri itekelezwe ni askari. Kwa hiyo udanganyifu unapopita katika mlango huo, askari huwa ama ngao ya mnyonge, ama kivuli anachojifichia mwizi. Hakuna nafasi ya tatu.

Tuanze na neno lenyewe. Neno dalali limetufikia kutoka lugha ya Kiarabu, na asili yake ni mtu anayeonyesha njia. Kazi hiyo haina aibu. Muuzaji hamjui mnunuzi, mnunuzi hajui nyumba iliko, na yule anayewakutanisha anastahili ujira wake. Lakini Waswahili wa pwani wanakumbuka vilevile kwamba dalali huyohuyo aliyenadi karafuu na vyombo ndiye aliyenadi binadamu katika soko la Zanzibar, mpaka Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 na soko hilo likafungwa. Tunajifunza kwamba mnada hauna macho. Huuza chochote kilicholetwa mbele yake. Haki haiwezi kungojwa ipatikane katika kelele za bei. Haina budi kuwekwa na sheria kabla kengele haijapigwa.

Nao askari wamekuwamo katika historia ya mnada tangu kale. Warumi waliuza nyara na mateka wa vita mbele ya mkuki uliochomekwa ardhini, na mkuki huo ukawa alama kwamba dola ndiyo inayouza. Mwezi Machi mwaka 193 askari wa kikosi cha kumlinda mfalme wao walimwua Mfalme Pertinax, kisha wakaunadi ufalme wenyewe kambini mwao. Tajiri mmoja, Didius Julianus, alishinda kwa kumwahidi kila askari sesterse 25,000. Alitawala siku 66 tu, naye akauawa. Kikosi kilichowekwa kulinda dola kilikuwa kimegeuka dalali wa dola, na kilichofuata kilikuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mfano huu ni wa zamani mno, lakini msingi wake haujazeeka: mwenye silaha akiingia katika biashara ya mali aliyoamriwa kuilinda, hapabaki mtu wa kumzuia.

Sasa tuje Malawi. Uingereza ilipotangaza himaya yake katika nchi hiyo mwaka 1891, Kamishna wake, Harry Johnston, aliwakuta walowezi na makampuni wakidai kwamba wamekwisha kununua maeneo makubwa kutoka kwa machifu. Malipo yalikuwa bunduki, nguo na vitu vya namna hiyo. Karatasi zilikuwapo, na alama za machifu zilikuwapo; lakini ni dhahiri kwamba pande mbili hazikuwa na maana moja ya neno kuuza. Chifu aliyezoea kumpa mgeni mahali pa kulima hakudhani kwamba amewauza wajukuu zake pamoja na ardhi yao. Johnston aliyachunguza madai hayo, akayapunguza baadhi, kisha akatoa hati. Kwa jumla hati hizo zilichukua karibu asilimia 15 ya ardhi yote ya nchi, na miongoni mwake ilikuwamo sehemu kubwa ya ardhi yenye rutuba ya nyanda za juu za kusini.

Katika hati nyingi Johnston aliweka kifungu cha kuwalinda wenyeji. Kifungu kilisema kwamba vijiji na mashamba yaliyokuwapo yasibughudhiwe pasipo idhini ya serikali. Kwa maandishi, kilikuwa kifungu kizuri. Lakini hakuna aliyeandika katika daftari ni nani waliokuwa wakiishi pale siku hati ilipotolewa, wala hapakuwa na mlinzi wa kifungu hicho. Wenye mashamba wakawatoza wenyeji na wahamiaji kazi badala ya kodi, kwa desturi iliyoitwa thangata. Mwaka 1903 shauri la haki za wakazi hao lilifika Mahakama Kuu, lakini taabu haikuisha. Mwezi Januari 1915 Mchungaji John Chilembwe aliongoza maasi, na shamba la Magomero likawa miongoni mwa sehemu za kwanza kushambuliwa. Waliotumwa kuyazima walikuwa askari. Ndivyo inavyokuwa daima: kosa lililofanywa mezani na mwandishi wa hati hulipwa miaka mingi baadaye kwa damu ya raia na ya askari. Wahenga wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tungeweza kuongeza kwamba daftari bila mlinzi nalo ni karatasi tu.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1964 serikali ya Dakta Kamuzu Banda iliamua kuyahamisha makao makuu kutoka Zomba. Mwaka 1975 Lilongwe ukawa mji mkuu. Mji ambao ulianza mwanzoni mwa karne ya 20 kama kituo cha utawala kando ya mto wa jina hilo ukapanuka kwa haraka, na ardhi yake ikapanda thamani. Jambo moja la Lilongwe linafaa kuangaliwa. Sehemu nyingi za jiji hilo hutajwa kwa namba, na namba hizo hazifuatani kwa ujirani, kwa kuwa zilitolewa kadiri mji ulivyokuwa ukipangwa. Mgeni akiambiwa sehemu ya namba fulani, asitegemee kwamba namba inayofuata iko ng'ambo ya barabara. Mahali kama hapo mwonyesha njia hupata kazi. Na pale mwonyesha njia anapopata kazi, mpoteza njia naye huja. Wamalawi wana jina lao kwa mtu wa kati asiye na ofisi wala kibali, anayezunguka na habari za nyumba na viwanja mfukoni: humwita dobadoba.

Serikali ya Malawi haikukaa kimya. Mwaka 1989 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuwasimamia wataalamu wa uchumi wa ardhi, wathamini, mawakala wa nyumba na madalali wa minada. Chini ya sheria hiyo pana Bodi, pana daftari la wanaoruhusiwa kufanya kazi hizo, na pana utaratibu wa leseni. Shabaha yake ni njema na inaeleweka. Mwananchi anayemkabidhi mtu nyumba yake aiuze hana budi kujua jina la mtu huyo, elimu yake, na mahali pa kumshitaki akipotea na fedha.

Lakini katika mwaka huohuo wa 1989, Malawi ilipitisha sheria nyingine, yaani Sheria ya Wakimbizi. Wakati huo vita vya Msumbiji vilikuwa vikiwamwaga watu mpakani. Hata kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchi hiyo, ambayo si tajiri, ilikuwa imewapokea Wamsumbiji wapatao milioni 1. Ukarimu huo haufai kusahauliwa na mtu yeyote anayeizungumzia Malawi. Hata hivyo, ilipojiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Wakimbizi mwaka 1987, Malawi iliweka masharti juu ya vifungu 9. Kifungu cha 13, kinachohusu mali zinazohamishika na zisizohamishika, ilikihesabu kuwa ni pendekezo tu wala si wajibu. Vilevile ilijiwekea haki ya kumpangia mkimbizi mahali pa kukaa, na ilikiwekea mipaka kifungu cha haki ya kuajiriwa.

Tukiziweka sheria hizo mbili meza moja, tunaiona nafasi iliyobaki kati yake. Ya kwanza yamsimamia dalali anayeuza mali iliyoandikwa kwa jina la mwenyewe. Ya pili, pamoja na masharti yale ya mwaka 1987, yamwacha mtu ambaye hawezi kwa urahisi kuandikisha mali kwa jina lake. Mtu huyo akitaka nyumba ya biashara, humtafuta mwenyeji ashike hati kwa niaba yake. Akitaka kupanga, hupatana kwa mdomo. Akidhulumiwa, huogopa kwenda kituoni kwa kuwa ataulizwa kwanza kwa nini hayuko kambini. Hapo ndipo dalali mwongo anapopata shamba lake, katikati ya sheria mbili, mahali ambapo hapafikiwi na hata moja.

Dzaleka ilianza kuwapokea wakimbizi mwaka 1994. Kabla ya hapo, katika utawala wa Dakta Banda, mahali hapo palikuwa gereza lililowekwa wafungwa wa kisiasa, na jina lake katika Kichewa hufasiriwa kwa kawaida kuwa ni kauli ya mtu anayeapa kwamba hatarudia tena. Makazi yalikusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Kufikia mwaka 2023 idadi yao ilikuwa imepita 50,000, wengi wao wakiwa Wakongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda. Kiswahili husikika huko sokoni, makanisani na katika maigizo ya vijana. Kwa lugha ni jirani zetu wa karibu zaidi kuliko ramani inavyoonyesha.

Kwa miaka mingi sheria ya kukaa kambini haikutekelezwa kwa ukali. Wakimbizi wengi walikwenda Lilongwe na miji mingine, wakapanga vyumba, wakafungua maduka, wakaoa na kusomesha watoto. Mwaka 2021 serikali iliwaamuru warudi Dzaleka, na shauri likapelekwa mahakamani. Mwishoni mwa Machi 2023 amri ilitolewa tena, na kuanzia tarehe 17 Mei mwaka huo polisi na wanajeshi walianza kuwasaka na kuwasafirisha kutoka mitaa ya Lilongwe. Mamia ya watu walikamatwa, wakiwamo watoto, na baadhi yao waliwekwa kwanza katika Gereza la Maula. Mashirika ya haki za binadamu yalieleza habari za maduka yaliyofungwa na mali zilizopotea. Serikali kwa upande wake ilitaja usalama wa taifa na utekelezaji wa sheria iliyokuwapo.

Hatukusudii hapa kuwa mahakimu wa siasa ya jirani yetu. Kila nchi ina mamlaka juu ya mipaka yake. Tunalolitazama ni jambo moja tu, ambalo lingetokea katika nchi yoyote. Mtu aliyepewa wiki chache kuondoka, mwenye duka lililojaa bidhaa na kodi aliyokwisha kulipa, hana bei. Bei ni matunda ya kungoja. Anayeweza kungoja husema bei. Asiyeweza kungoja huambiwa bei. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Sheria ya leseni, hata ikiwa nzuri namna gani, haiwezi kumsaidia mtu huyo, kwa kuwa kinachomdhulumu si kukosekana kwa leseni ya mnunuzi, bali ni kukosekana kwa muda wake yeye mwenyewe.

Tuzieleze sasa njia za udanganyifu, maana adui asiyejulikana hapigwi. Njia ya kwanza ni kuuza kiwanja kimoja kwa watu wawili au watatu, kila mmoja akipewa karatasi yenye muhuri wake. Ya pili ni kuipokea amana ya mnunuzi na kukaa nayo, leo akiambiwa mwenye nyumba amesafiri, kesho akiambiwa mkubwa wa ofisi hajatia sahihi. Ya tatu ni kula pande zote mbili kwa siri: dalali humwambia muuzaji bei ya chini, humwambia mnunuzi bei ya juu, na tofauti hutia mfukoni. Ya nne ni ya mnadani: watu wa dalali husimama katika umati na kupandisha bei za uongo ili kumnasa mnunuzi wa kweli. Ya tano ni kinyume cha hiyo: wanunuzi hula njama wasishindane, mali inunuliwe kwa bei ya kutupa, kisha wagawane faida gizani. Na ya sita, ambayo ni mbaya kuliko zote, ni kuutangaza mnada mahali ambapo mwenye mali hawezi kusikia.

Njia hizi hazikuzaliwa Afrika. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1845 ilimtaka kila dalali wa mnada awe na leseni, na abandike jina lake na mahali anapokaa kwa maandishi makubwa mahali pa mnada. Mwaka 1867 ilitungwa sheria kuhusu wapandishaji bei wa uongo katika minada ya ardhi, na mwaka 1927 nyingine dhidi ya njama za wanunuzi. Utaona kwamba ilichukua miaka zaidi ya 80 kuziba matundu matatu. Nchi ya Kenya ilitunga sheria ya mawakala wa nyumba mwaka 1984 na ya madalali wa minada mwaka 1996. Hapa kwetu Tanzania, sheria ya madalali wa minada yatokana na ile ya mwaka 1928, nayo ina jambo moja la busara. Ardhi haiuzwi mnadani mpaka tangazo litolewe kwa siku zisizopungua 14, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, likitaja jina la mwenye mali na makazi yake, na kwa njia ambayo hata asiyejua kusoma ataielewa. Aidha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yamtaka mkopeshaji anayeuza nyumba iliyowekwa rehani atafute bei nzuri inayoweza kupatikana. Na bei ikishuka kwa robo au zaidi chini ya wastani wa bei ya mali kama hiyo, sheria humhesabu kuwa amevunja wajibu wake mpaka athibitishe vingine.

Ukiyatafakari masharti hayo utaona kwamba hayamtazami dalali peke yake. Siku 14 ni muda. Jina na makazi ni daftari. Tangazo la kueleweka ni kuwapo kwa mwenye mali. Muda, daftari, na kuwapo kwa mwenye mali: hizo ndizo nguzo tatu za mnada wa haki. Ikianguka mojawapo, dalali mwaminifu hushindwa kufanya kazi yake, na dalali mwongo hustawi. Katika habari ya Lilongwe na Dzaleka zote tatu zilitikisika kwa pamoja. Muda ulikuwa mfupi, daftari lilikuwa na jina la mtu mwingine au halikuwapo, na mwenye mali alikuwa amekwisha kusafirishwa kilomita 45. Wahenga walisema: asiyekuwepo na lake halipo.

Afrika Mashariki tumeyaona matokeo ya mambo haya kwa kipimo kikubwa zaidi. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, akawapa siku 90. Nyumba, viwanda na maduka yao vikagawiwa, na miongoni mwa waliogawiwa walikuwa askari wengi na jamaa zao, wakapandishwa siku moja kutoka gwaride mpaka nyuma ya kaunta. Wananchi wakawaita mafuta mingi. Hawakujua bei waliyonunulia bidhaa, wala mahali pa kupata nyingine. Rafu zikawa tupu. Iliundwa bodi ya kuhifadhi mali zilizoachwa, na baadaye ikatungwa sheria ya mwaka 1982 ya kuzirudisha, lakini migogoro ya hati zake iliendelea kwa miongo mingi. Wazee wenu wa Jeshi la Wananchi walioingia Kampala mwezi Aprili 1979 waliukuta uchumi uliobomoka. Jeshi la Amin lilikuwa limepoteza vita kabla ya vita, maana askari aliyefundishwa kutazama mali ya raia kama ujira wake hukoma kuwa askari.

Ndugu wasikilizaji wa majeshi, hapa tufike karibu zaidi na nyumbani. Msidhani kwamba mkimbizi wa Dzaleka ni mtu wa mbali na maisha yenu. Yeye huishi kambini, ninyi vilevile. Yeye huhamishwa kwa amri. Ninyi vilevile, ingawa kwa heshima na kwa mshahara. Askari hupata uhamisho kutoka Mtwara kwenda Kagera, hupelekwa mafunzoni, hupelekwa kulinda amani ng'ambo. Kiwanja alichokinunua hubaki nyuma mikononi mwa dalali na ahadi zake. Anapostaafu na kupewa kiinua mgongo, hurudi na kukuta msingi wa nyumba ya mtu mwingine. Madalali waongo hawamchagui mtu kwa taifa lake. Humchagua kwa kutokuwapo kwake. Kwa hiyo askari anayemlinda mkimbizi dhidi ya dhuluma ya mali huilinda kanuni ileile itakayomlinda yeye na watoto wake.

Basi inampasa askari afanye nini? Kwanza, anapotumwa kusimamia utekelezaji wa amri ya kuuza au kumwondoa mtu, aione amri yenyewe: jina, mahali, tarehe na sahihi ya mahakama. Kumtii mkubwa hakumwondolei askari haki ya kuusoma waraka. Pili, aone kibali cha dalali. Dalali wa kweli haoni haya kuonyesha karatasi yake. Anayefoka akiulizwa amekwisha kujibu. Tatu, mali itakayotolewa iandikwe kitu kwa kitu mbele ya mwenyewe au ndugu yake na mbele ya shahidi wa mtaa, na nakala abaki nayo mwenye mali. Orodha ya ukurasa mmoja huzuia mashitaka ya miaka kumi. Nne, askari asinunue kamwe katika mnada anaousimamia, wala kwa jina la mkewe, wala la shemeji yake. Tano, mtu akija kituoni kulalamika kwamba ametapeliwa, isikilizwe kwanza habari ya wizi, na habari ya vibali vyake vya ukaazi ifuate njia yake. Polisi wakiyachanganya mambo hayo mawili, tapeli hupata mlinzi asiyemlipa hata senti.

Nazo serikali zetu zina wajibu wake. Haitoshi kutunga sheria ya leseni na kuunda bodi katika mji mkuu. Amri yoyote ya kuwahamisha watu, wawe wakimbizi, wawe wakazi wa bondeni, wawe wapisha barabara, ingefaa iambatane na muda wa kutosha wa kuuza kwa bei ya haki, na ofisi ya kuandikisha mali inayoachwa. Katiba ya Malawi ya mwaka 1994 yasema katika kifungu cha 28 kwamba kila mtu aweza kupata mali, na kwamba mtu asinyang'anywe mali yake kiholela. Haisemi kila raia. Yasema kila mtu. Nayo Sheria ya Ardhi ya Mila ya mwaka 2016 imewaweka wajumbe waliochaguliwa, wakiwamo wanawake, kukaa pamoja na mkuu wa kundi la vijiji katika kamati za ardhi. Hiyo ni hatua ya maana, kwani tumeona jinsi alama ya chifu mmoja katika karatasi ilivyozaa taabu za miaka mingi.

Ndugu wasikilizaji, kati ya karatasi za miaka ya Johnston na malori ya Mei 2023 imepita zaidi ya karne moja. Watawala wamebadilika, bendera imebadilika, na makao makuu yamehama. Lakini swali linaloulizwa mlangoni halijabadilika: mali hii ni ya nani, na nani amesema iuzwe? Sheria huliandika swali hilo na mahakama hulijibu, lakini mlangoni anayeliuliza kwa sauti, mbele ya dalali na mbele ya mwenye mali, ni askari. Akiliuliza, wengi wenye hila wataondoka wenyewe. Asipoliuliza, hakuna bodi wala leseni itakayofika kwa wakati.